Ada ya chama cha wenye domeni: usilipe kama unaingia kikoba

Juzi dogo mmoja tunayefahamiana kwenye grupu la WhatsApp kaniuliza, kaka hivi nijiunge na kile chama cha Wamarekani cha watu wa domeni au nitakuwa nimetupa hela? Nikaanza kumjibu kwa voisi noti, zikafika tano, bado sijamaliza, nikaona bora niandike tu.

Mimi hii kazi ya kununua majina ya mtandaoni, yaani domeni, na kuyauza nilianzia mkiani, yaani nilinunua kwanza ndo nikajifunza baadaye. Sasa hivi nina domeni 80 hivi, karibu zote .com, zinazotoka kwa mwaka ni chache sana na zilizobaki zinakaa tu zinakula hela ya kulipia upya. Kwa hiyo nikiongelea ada naongea kama mtu anayehesabu, si kama tajiri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mwaka wa pili. Kuna sehemu, sitaitaja, walijiita chama cha wawekezaji wa domeni, unalipa ada ya mwaka mzima unaahidiwa wateja, punguzo, na beji ya kuweka kwenye ukurasa wako wa mauzo. Nikalipa kwa kadi ya kwenye simu na makato ya kubadilisha hela juu yake. Nilichoambulia ni kuponi za kampuni ambazo hata sinunui kwao, barua pepe kila wiki, na ile beji. Mteja hata wa kusingizia hakuja. Mwaka ulipoisha wakakata tena bila kuniuliza, na siku hiyo kwa bahati mbaya hela ilikuwemo! Tangu hapo kabla sijasoma faida za uanachama wowote naangalia kwanza kama malipo yanajirudia yenyewe, na kama kuna sehemu ya kuzima.

Ila baadaye nimekuja kuona tatizo halikuwa lao peke yao, lilikuwa kichwani kwangu. Nililipa kama naingia kikoba. Kikoba unanunua hisa, unakopa, mzunguko ukiisha mnagawana na unajua kabisa unaondoka na shilingi ngapi. Chama cha biashara hakiko hivyo, chenyewe ni kama hela ya ulinzi mtaani. Unatoa kila mwezi, huoni kitu, mlinzi anapita usiku na tochi yake anapiga filimbi, na jirani yako ambaye hajatoa tangu Januari naye analala salama vilevile. Ukiuliza nimepata nini, jibu ni kwamba hukuibiwa, na hilo halina risiti.

Chama alichoniulizia dogo ni Internet Commerce Association, ICA kwa kifupi, kilianzishwa 2006 huko Marekani. Ndani kuna watu binafsi kama sisi, madalali wa domeni, na makampuni makubwa yanayosajili na kuuza majina, na ada inapanda kwa madaraja, mdogo hatoi sawa na kampuni. Hela yenyewe kwa sehemu kubwa inaenda kwenye kuwasemea wenye domeni pale ICANN (shirika linalosimamia mfumo wa majina ya mtandaoni duniani), kwa serikali ya Marekani, na kwa watu wa WIPO kule Geneva, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki. Ukisikia faida nyingine, sijui jina lako kuwekwa kwenye orodha ya wanachama, sijui kukutana na wakubwa wa biashara, hizo ni za pembeni.

Sasa kwa nini mtu wa Tabata ahangaike na mambo ya Washington? Kwa sababu bei ya .com inapangwa huko jamani. Verisign ndo wanaendesha .com yote duniani, na bei yao ya jumla ilikaa dola 7.85 tangu 2012. Halafu 2018 serikali ya Marekani ikakubali mkataba wake na Verisign ubadilishwe, wakaruhusiwa kupandisha mpaka asilimia 7 kwa mwaka katika miaka minne ya mwisho ya kila miaka sita. Septemba 2021 ikawa 8.39, mwaka uliofuata 8.97, kisha 9.59, na Septemba 2024 ikafika 10.26. Piga hesabu na domeni zangu 80: tofauti ya dola 2.41 mara 80 ni karibu dola 193 kila mwaka, na hapo msajili wako, yaani kampuni unayonunulia jina, hajaongeza chake. Hakuna mtu aliyenipigia simu kuniuliza. ICA walikuwa wanapinga, hawakushinda, lakini angalau kuna mtu aliinuka akasema.

Na hapa lazima niseme ukweli, kushindwa wameshindwa mara nyingi. 2019 ICANN walipotaka kuondoa ukomo wa bei kwenye .org, ICA walihamasisha watu watoe maoni, yakafika zaidi ya 3,000 na karibu yote yanapinga, ICANN wakaondoa vilevile. Miezi michache mbele shirika linaloendesha .org likatangazwa kuuzwa kwa Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135, hapo kelele zikawa za dunia nzima, mashirika yasiyo ya kibiashara, mwanasheria mkuu wa California, kila mtu, na tarehe 30 Aprili 2020 ICANN wakakataa mauzo yale. Kwa hiyo ukilipa ada usilipe ukidhani umenunua ushindi.

Sehemu iliyonigusa mimi binafsi zaidi ni UDRP. Hii ni kanuni ya ICANN ya tangu 1999, mwenye alama ya biashara anaweza kukushtaki uondolewe jina bila kwenda mahakamani. Pale WIPO, ambao ni moja ya sehemu zinazosikiliza kesi hizi, yeye analipa dola 1,500 kwa jopo la mtu mmoja, wewe una siku 20 za kujibu, na ukitaka jopo la watu watatu unachangia dola 2,000. Ukishindwa jina linaondoka. Akishindwa yeye, hata jopo likisema wazi kwamba alikuwa anajaribu kukupora, hatozwi hata senti. Unaona mzani ulivyo.

Mimi nilitumiwa barua na wanasheria wa kampuni moja ya Ulaya kuhusu jina langu la maneno mawili ya kawaida kabisa. Sikulala. Nilikaribia kuwapa bure ili yaishe. Kilichoniokoa ni muhtasari wa kesi za UDRP ambao ICA wanatoa kila wiki, na unasomeka bure hata kama si mwanachama, pale ndo nikaelewa kwamba mlalamikaji lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake, mimi sina haki nalo, na nililisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mimi nililisajili kabla alama yao haijakuwepo, nia mbaya itatoka wapi? Nikawajibu aya mbili za heshima, na tarehe ya usajili. Kimya mpaka leo. (Jina bado ninalo, halijauzwa, msinicheke.)

Kwa hiyo dogo, kama una majina 20 na hujawahi kuuza hata moja, usijiunge. Soma hiyo mihtasari ya bure mwaka mzima, hela weka kwenye kulipia majina yako mazuri. Mimi kipimo changu ni hiki, ada isizidi sehemu moja ya kumi ya kile unacholipia domeni zako kwa mwaka, ikizidi subiri ukue. Na kama zako karibu zote ni .co.tz au .co.ke ujue bei na kanuni za hizo zinapangwa huku huku kwetu, mlinzi wa Washington hafiki mtaa wako.

Jambo la mwisho, na hili nimekwambia kwenye voisi noti ukabadilisha mada. ICA wana kanuni za maadili kwa wanachama, na kusajili majina ya kuvizia alama za watu hairuhusiwi. Yale majina yako manne yenye jina la benki lililokosewa herufi moja, hayo si uwekezaji, ukishtakiwa hakuna chama kitakachosimama na wewe na mimi mwenyewe sitasimama. Yaache yaishe muda wake, usiyalipie tena. La kwanza linaisha tarehe 14, nimeangalia.