Tenki langu liliharibikia sheli, si porini

Nina pikipiki, Boxer nyeusi niliyoinunua ikiwa mpya. Imenifikisha Newala, Tandahimba, na mara nyingi Msimbati kwenye mchanga unaomeza gurudumu. Safari zote hizo hazikuipausha rangi. Rangi iliharibika asubuhi moja mjini Mtwara, kwa petroli na kwa tambara nililolishika mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa juu ya pikipiki, nikamwambia kijana wa pampu ajaze fulu. Akajaza mpaka mdomoni. Nikalipa, nikaipaki juani, nikaenda kunywa supu ya pweza. Petroli hutoka kwenye tenki la ardhini ikiwa baridi, na ikipata joto huongezeka. Lita 10 zikipanda joto kwa nyuzi 10 tu huongezeka karibu mililita 100, na tenki likiwa limejaa pomoni, ziada hiyo hupenyeza kwenye kifuniko. Niliporudi nilikuta michirizi imeshakauka juu ya tenki. Nikachukua tambara la kufutia kiti, nikasugua kwa nguvu. Vumbi likafanya kazi ya msasa. Vanishi ikafifia na stika ikajikunja pembeni. Doa lile lipo hadi leo, na kila nikiliona roho inaniuma.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukifika sheli zima injini, shuka, simamisha pikipiki wima. Tandika kitambaa safi cha pamba kuzunguka mdomo wa tenki, na mwombe mhudumu asiliegemeze bomba kwenye rangi. Mafuta yakifika chini ya shingo ya tenki, inatosha, hata kama zimebaki shilingi mia tano za kumalizia. Tone likidondoka, usisugue. Mwagia maji hapohapo, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa. Mimi hutembea na chupa ndogo ya maji chini ya kiti kwa kazi hiyo. Na ukikwama njiani ukanunua petroli ya chupa, usimimine bila faneli. Chupa ikianza kugugumia, nusu ya mafuta inaishia kwenye stika.

Kuosha nako kuna mambo yake, hasa huku kwetu. Ukipita barabara ya Mikindani upepo unavuma kutoka baharini, chumvi inatua kwenye spoku na ekzosi bila wewe kuiona. Halafu kuna msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga. Ukitoka shambani miezi hiyo, pikipiki ina unga wa njano hadi ndani ya cheni. Unga huo ukipata umande, chuma kinaliwa polepole. Usisubiri Jumapili. Siku hiyohiyo mwagia maji safi, ya bomba au ya kisima kisicho na chumvi, hata kama huna muda wa sabuni.

Ukiwa na muda, acha injini ipoe kwanza, uwe kivulini. Mwagia maji kuanzia juu ili mchanga uondoke wenyewe kabla hujagusa rangi kwa mkono. Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunaanza kusugua mchanga ukiwa bado juu. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Sponji ya tenki isiguse rimu wala cheni. Sabuni iwe ya kuoshea magari. Ya unga ya kufulia ni kali, inaondoa polishi, na chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Stiliwaya ibaki jikoni kwa masufuria.

Wenye mashine za presha waombe wasielekeze maji kwenye bearingi za magurudumu, kabureta, swichi na mdomo wa ekzosi. Mimi ekzosi naiziba kwa mfuko wa plastiki, na kabla ya kuwasha nahakikisha nimeutoa.

Cheni naisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, naifuta, kisha naitia oili. Mafuta yoyote yasifike kwenye diski ya breki wala kwenye tairi. Na vijana wanaopaka dizeli kwenye bodi ili ing'ae, nawasihi waache. Itang'aa mpaka jioni, kesho yake vumbi lote la barabara limeganda hapo, na mipira inaanza kulegea.

Baada ya kukausha napaka nta kidogo kwenye tenki, kivulini, kwa kitambaa laini, mara moja kwa mwezi au zaidi kidogo. Maji na chumvi having'ang'anii tena. Bodaboda mwenye chombo cha tajiri anaweza kusema hiyo si kazi yake, lakini siku mkataba ukiisha na pikipiki ikawa yake, atakayeiuza ni yeye, na mnunuzi kitu cha kwanza anachokipitishia mkono ni tenki.