"Matokeo" yamejaa kwenye ripoti yangu: nitumie neno gani lingine?

Swali: Hujambo Mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa mpunga huku Ahero. Mkubwa wangu amenirudishia ripoti ya mafuriko akisema "matokeo" yamejirudia mno, nitafute visawe. Sentensi moja inasema: "Matokeo ya mafuriko yalikuwa ni kuharibika kwa mpunga, na matokeo ya kuharibika huko yalikuwa ni wakulima kukosa mapato." Je, naweza kuweka athari, madhara, natija au hatima popote penye matokeo? Tena, ni "athari ya" au "athari za"?

Jibu: Popote, la. Maneno hayo ni ya ukoo mmoja lakini hayalali nyumba moja.

Matokeo hupendelea jambo ambalo watu wamelifanya au wanalingojea lifike mwisho: mtihani, kura, utafiti, mechi. Ndiyo maana ukitangaza hapa Kisumu kwamba "matokeo yametoka", utaulizwa kama ni ya mtihani wa KCSE au ya mechi ya Gor Mahia. Athari ni kile ambacho jambo humwachia mtu au kitu, kwa hivyo lazima awepo anayeathirika. Chukua magugumaji ya Ziwa Victoria. Miaka ya 1990 wadudu waitwao fukusi waliachiliwa ziwani ili wayale. Magugu yakipungua kwa sababu yao, hayo ni matokeo ya hatua hiyo. Mvuvi wa Dunga akishindwa kupitisha mtumbwi, hiyo ni athari ya magugumaji. Ukiandika "athari" halafu ukashindwa kuongeza "kwa wavuvi" au "kwa mashamba", chunguza tena kama ndilo neno unalolitaka.

Mafuriko hayakupangwa na mtu, basi sehemu nyingi za ripoti yako zinataka athari. Madhara ni mabaya tu, hata "madhara mabaya" ni kujaza maji baharini. Athari huweza kuwa njema: tope lenye rutuba linaloachwa shambani ni athari ya mafuriko, si madhara yake.

Natija itumie kwa uangalifu, kwani mara nyingi hubeba faida. Ukiandika "natija ya mafuriko ni familia kuhama", msomaji atashangaa unashangilia nini. Iweke kwenye sura ya miradi: "natija ya kuzibua mitaro". Hatima nayo ni mwisho wa jambo au mtu, haielezi chanzo: "Hatima ya familia zilizohama bado haijaamuliwa."

Hata hivyo, ninavyoona, sentensi yako haina njaa ya visawe. Ina nomino nyingi kupita kiasi. Iandike hivi: "Mafuriko yaliharibu mpunga, wakulima wakakosa mapato." Kile kiambishi *-ka-* kimebeba kazi ya "matokeo" yote mawili, na hakuna mkubwa atakayelalamikia marudio. Angalia tu kwamba *-ka-* huonyesha pia mfuatano mtupu. "Maji yalipungua, maafisa wakaja" haituambii kwamba walikuja kwa sababu maji yalipungua. Panapoweza kuzuka utata wa aina hiyo, tumia "kwa sababu hiyo" au "kutokana na". Na tafadhali, "mvua ilipelekea mafuriko" niachie mimi nikate kwa kalamu nyekundu. Mvua *ilisababisha* mafuriko. Najua wapo wanaoitetea "kupelekea", lakini kwangu kupeleka kunahitaji mzigo na mahali pa kuufikisha.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Athari iko katika ngeli ya I-ZI: ikiwa moja, "athari ya mafuriko ilionekana", zikiwa nyingi, "athari za mafuriko zilionekana". Natija na hatima hufuata mkondo huohuo. Kosa ninalolikuta mara kwa mara kwenye ripoti ni "athari yalionekana", mwandishi akivutwa na matokeo na madhara, ambayo ndiyo yanayochukua *ya-*.