Muulize Anko Brashi: "Madizaina wakubwa wote wako Ulaya na Marekani, sisi wa mwisho wa reli tumfuate nani?"

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni mwanafunzi wa dizaini mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Kigoma, nakaa Katubuka. Ticha katupa kazi, kila mtu achague dizaina mmoja au mtu wa herufi anayempa hamasa, aandike kurasa mbili halafu atengeneze posta moja, yani bango la karatasi, kwa kufuata nyayo zake. Nimeingia Google mpaka bando likakata, majina nimepata kibao, Paul Rand, Massimo Vignelli, Paula Scher, Jan Tschichold (huyu hata kumtamka siwezi), kazi zao nzuri kweli lakini nikiziangalia naona kama nakula chakula cha kwenye picha. Wenzangu wawili wameshachukua fonti ya Helvetica, wameweka neno moja katikati na rangi nyekundu nyuma, wanasema ndo mtindo wa Uswisi huo. Halafu laptopu sina, natumia ya kaka usiku akirudi kazini. Nimchague nani, na nikimfuata si ndo nitakuwa nimemwibia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla sijakutajia mtu ngoja nikupe aibu yangu kwanza.

Zamani kidogo nilikuwa nimetoka kukodolea macho kazi za Josef Müller-Brockmann, yule Mswisi wa posta za matamasha ya muziki kule Zürich, gridi (mistari ya kupangia ukurasa) kila mahali, herufi zimetulia kona, kwingine kote peupe. Nkawa nimelewa kabisa. Akaja jamaa anauza dagaa na mawese sokoni anataka bana ya mita tatu, nkamwandikia DAGAA ndogo tu juu kushoto, kulia kote nkaacha peupe, nkajiona mimi ndo mimi. Akaizunguka ile bana kama anakagua ng'ombe, akasema, "Kaka, hela nimelipa ya bana nzima, mbona umeniandikia robo?" Nikataka kumweleza habari za Zürich, nkajikuta sina la kusema, maana kumbe mi mwenyewe sijui ule upeupe ulikuwa unafanya kazi gani kule ulikotoka! Kule posta inabandikwa ukutani na zenzake kumi, ndo upeupe unaitoa mbele, na anayeisoma ukumbi anaujua tayari. Sokoni mtu kabeba kapu kichwani, anataka kujua una mgebuka au huna, na namba ya simu ni ngapi, basi.

Kwa hiyo hao wenzako na Helvetica yao nyekundu siwacheki, nimepita huko. Ila wamechukua jibu la mtu bila kujua aliulizwa nini. We ukimchagua dizaina, anza na swali alilokuwa nalo mezani, sura ya kazi itakuja baadae.

Na usidhani wakubwa hawakosei mteja. Vignelli mwaka 1972 alitoa ramani ya treni za chini ya ardhi za New York, mpaka leo inasomwa vyuoni, mistari yote imenyooka au imekata kona safi, kila njia na rangi yake. Abiria wakalalamika, Central Park kaifanya mraba wa kijivu, maji kayapaka rangi ya mchanga, mtu akitoka kituoni anakuta mji hauko vile. Mwaka 1979 ikaondolewa. Mi naipenda ile ramani hadi kesho, ila hao abiria nawaelewa, ni ndugu zake yule wa dagaa.

Sa huyo usiyeweza kumtamka, sema "Chiholt" yaishe. Baba yake alikuwa mchora mabango kule Leipzig, yani mtoto wa fundi kama hao wa kwetu. Mwaka 1928, ana miaka 26 tu, akatoa kitabu kikali kinasema herufi za zama hizi ni zile zisizo na vikia (vile vimkia kwenye ncha za herufi), mambo ya kupanga kila kitu katikati ya ukurasa yafe. Mwaka 1933 Wanazi wakamkamata, alipotoka akahamia Uswisi, na huko akageuka kabisa, akarudia herufi zenye vikia na kurasa za katikati zile zile alizozitukana, akasema ule ukali wake wa ujana ulifanana na ukali wa hao hao waliomfunga. Mwaka 1947 hadi 1949 akawa Uingereza anapanga vitabu vya kampuni ya Penguin. Kwa hiyo ukimchagua itabidi umwambie ticha ni Tschichold yupi, wa 1928 au wa 1947, na hapo kurasa mbili hazikutoshi.

Ila kabla hujaenda Leipzig, shuka Kibirizi kule ziwani. Nenda mwaloni asubuhi siku boti inapakwa rangi. Mi nilikaa juu ya ndoo namwangalia mzee mmoja anaandika NAVUMILIA ubavuni mwa boti, herufi tisa. Akapiga mistari miwili kwa kamba ya chokaa, wa juu na wa chini, akahesabu kwa vidole, ya katikati ni M. Nkajua ataiweka M katikati kabisa ya ubavu. Wapi! Kaisogeza kulia kama shibiri hivi. Nkamuuliza, mzee mbona? Akanijibu bila kugeuka, "Kushoto kuna manene, kulia kuna vijiti viwili." Angalia mwenyewe, N, A, V, U zote zinakula nafasi, upande wa pili kuna I, L, I, A, na hizo I mbili ni vijiti tu. Alivyofika kwenye A na V akazibana zikakaribia kupandana, maana ukiziacha mbali panabaki pengo kama jino lililong'oka. U nayo tumbo lake akalishusha chini ya mstari, unene wa kucha tu, kwa sababu kitu cha duara ukikikatia mstarini sawasawa na chenye miguu bapa kinaonekana kifupi. Rangi ya mafuta, brashi moja iliyonyolewa, kitambaa cha kufutia begani, na redio.

Mdogo wangu, hayo matatu ndo yale yale wanayohangaika nayo wachora fonti dunia nzima. Chukua Helvetica ya Max Miedinger, au Univers ya Adrian Frutiger, zote za 1957, andika HO, ikuze ijae kioo halafu weka mstari chini ya miguu ya H, utaona O imezama kidogo chini ya mstari. Mzee wa Kibirizi hajawahi kusikia jina la Frutiger na Frutiger hakuwahi kufika Kibirizi, macho ya binadamu ndo yamewakutanisha.

Ningekuwa wewe ningemchukua Edward Johnston. Alikuwa mtu wa mkono, wa kalamu yenye ncha bapa, kajifunzia kwenye miswada ya kale pale British Museum. Bosi mmoja wa treni za London, Frank Pick, alikuwa na tatizo, jina la kituo linapotea katikati ya matangazo ya biashara, abiria haoni kafika wapi. Johnston akamtolea herufi mwaka 1916, nyepesi kusoma, hazina vikia, lakini tazama ile nukta juu ya i ndogo, sio duara, ni kama almasi. Hiyo ndo alama inayoachwa na kalamu bapa ukiigusisha karatasini! Yani mkono wake umebaki ndani ya herufi ya kiwandani. Sa rudi Kibirizi, kuna mama anatafuta boti ya Mwamgongo, kuna wa Kagunga, maboti yamejaa majina makubwa mazuri na hakuna linalosema linaenda wapi, mtu anauliza wapiga debe watano anapata majibu sita. Swali la Pick hilo hilo, liko kwenu na mapovu ya ziwa. Posta yako iwe hiyo, ubao wa safari unaosomeka mtu akiwa kabeba mzigo, na herufi zake uzichore kutoka kwenye brashi ya yule mzee, ukimwomba kwanza na ukimwandika jina lake akikubali.

Kuhusu laptopu, Susan Kare alivyochora aikoni, vile vipicha vya kubofya, za kompyuta ya Mac ya kwanza ya 1984 alianzia kwenye daftari la miraba, kila mraba ni nukta moja ya kioo, 32 kwa 32, unapata miraba 1,024, unapaka au unaacha. Daftari la hesabu bei yake unaijua. Chora mchana, usiku kaka akirudi unahamisha tu.

Hilo la kuiba nakupa kipimo changu, sio sheria. Nyuma ya posta andika kwa penseli, hiki nimechukua kwa fulani kwa sababu hii. Palipokosa sababu, kitoe.

Na kama ticha atakubali Mwafrika, msome Saki Mafundikwa wa Zimbabwe, aliacha kazi New York akarudi Harare akafungua chuo cha dizaini cha ZIVA mwaka 1999, mwaka 2004 akatoa kitabu cha maandishi ya Kiafrika. Na usisahau kabatini kwa mama, kanga ina pindo, ina mji, ina jina, mstari mmoja wa herufi kubwa unaosomwa na mtu aliyeko nyuma yako unatembea. Mpangilio wa namna hiyo ungekuwa wa Mswisi ungeshaandikiwa vitabu kumi.

SWALI: Kaka Brashi, nina steshenari Mwanga. Ratiba za mazishi na harusi zote natumia fonti ya Comic Sans, wateja hawalalamiki, ila vijana wa chuo wakija wanacheka. Kosa langu nini?

JIBU: Kosa ni mazishi tu, harusi endelea ukipenda. Vincent Connare aliichora 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu moja anaongea kwa Times New Roman, herufi iliyotengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times mwaka 1932. Akaona haiendani, mbwa hawezi kuongea kama gazeti. We umegeuza, samahani kusema, ratiba ya marehemu inaongea kama mbwa wa katuni. Kwa mazishi tumia hata hiyo Times, jina la marehemu kubwa, muda na mahali chini yake, na punguza yale maua ya kona nne, mawili yanatosha. Hao vijana nao waulize kama wanajua historia yake au wanacheka kwa kufuata mkumbo.

SWALI: Anko habari za leo. Niko Ujiji, mteja anataka logo kwa elfu tano na anataka mifano sita achague. Nikubali?

JIBU: Nzuri. Carolyn Davidson alikuwa mwanafunzi kule Portland, mwaka 1971 akachora ile alama ya Nike kwa dola 35, mwaka 1983 ndo kampuni ikamkumbuka ikampa pete na hisa. Paul Rand yeye mwaka 1986 alilipwa na Steve Jobs dola 100,000 kwa logo ya kampuni yake ya kompyuta, NeXT, na alipeleka mfano mmoja tu na kijitabu cha kuueleza, uchukue au uache, hela yangu nilipe. Ila hapo alikuwa ana miaka zaidi ya sabini na logo ya IBM nyuma yake, we bado. Mpe mifano miwili, chukua nusu ya hela kabla hujagusa penseli, na kwenye risiti andika marekebisho ni mara ngapi, maana hao wa elfu tano ndo wanaopiga simu saa nne usiku eti jaribu na ya zambarau.