Rivolva ndogo za milimita 9 na kibao cha mwezi
Je, rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya milimita 9 inaweza kufyatua bila kibao cha mwezi, yaani kile kibao cha chuma chenye umbo la mwezi kinachoshika risasi pamoja? Ndiyo, nyingi kati yake hufyatua hata bila kibao hicho, kwa sababu mdomo wa ganda huegemea kibega kidogo ndani ya tundu la silinda. Shida huanza wakati wa kutoa maganda. Risasi ya kawaida ya rivolva ina ukingo uliotokeza kitakoni, na hapo ndipo kitoa maganda huishika, ilhali risasi ya milimita 9, iliyobuniwa kwa bastola ya magazini, ina mfuo tu kuzunguka kitako chake, hivyo utajikuta ukisukuma maganda moja moja kwa kijiti au kalamu. Katika rivolva ya Ruger LCR ya milimita 9, kibao hicho hushika mifuo ya risasi zote tano, zikaingia na kutoka pamoja. Rivolva ya Charter Arms Pitbull haikihitaji kibao, kwani kitoa maganda chake kina vijino vya springi.

Ujanja huu wa kibao ni wa zamani: rivolva za M1917 za jeshi la Marekani zilitumia vibao vya nusu mwezi, kila kimoja kikibeba risasi tatu za .45.

Angalizo ni kwamba kibao kilichopinda hata kidogo huweza kuzuia silinda isizunguke, na katika rivolva nyepesi sana mshtuko wa kufyatua huweza kuchomoa kichwa cha risasi inayosubiri zamu hadi kikatokeza mbele na kuikwamisha silinda, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko usumbufu wa maganda.