Jibu la UVIKO halifungi faili la TB (kifua kikuu): kwa mnaoanza kazi

Wakati wa janga la UVIKO-19, kila aliyempokea mgonjwa mwenye kikohozi na homa aliwaza ugonjwa mmoja tu. Kipimo cha UVIKO-19 kikitoka hasi, mgonjwa aliandikiwa antibayotiki na kurudishwa nyumbani. Kikitoka chanya, ndiyo kabisa, hakuna aliyeuliza zaidi. TB ilipotea katika majibu yote mawili, ingawa mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wagonjwa wapya wa TB walioripotiwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Ugonjwa haukupungua, na vifo viliongezeka. Waliopungua ni waliofikiwa na kipimo.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza muda. Mwenye UVIKO mara nyingi anaikumbuka siku aliyoanza kuumwa. Mwenye TB anahesabu wiki, pengine miezi. Kikohozi cha wiki mbili, homa, jasho la usiku, kupungua uzito: yaulize yote manne. Kwa anayeishi na VVU usingoje wiki mbili, kikohozi cha hata siku moja kinatosha. Sampuli za magonjwa yote mawili zichukuliwe siku hiyohiyo, maana ukimwambia arudi kesho, wengi hawarudi. Na usidhani swabu ya puani imemaliza kazi. TB ya mapafu inatafutwa kwenye makohozi.

Hapo kwenye makohozi ndipo hofu inapoharibu zaidi. Mhudumu anampa mgonjwa kikopo na kukimbia, kikopo kinarudi na mate, maabara inatoa hasi. Mpeleke nje penye hewa, mbali na watu. Wewe vaa N95, barakoa inayochuja chembe ndogo za hewani. Barakoa ya kawaida mwachie mgonjwa, haikukingi na vimelea vya TB vinavyoelea hewani. Asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kutoka kifuani. Omba mililita 3 hivi. Chini ya 1 ni kidogo mno. Kitazame kikopo kwenye mwanga kabla hajaondoka.

Maabara, mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya vimelea, hupima magonjwa yote mawili, na ugomvi huanzia hapo. Katriji, yaani kichupa cha plastiki kinachobeba sampuli ndani ya mashine, ikiwa ya UVIKO huchukua dakika 45 hivi, ya TB aina ya Ultra kama 80 ikiwa kuna vimelea. Kila anayeharakisha majibu atatanguliza ile fupi, na makohozi yatalala. Mkiwa na mashine ya moduli nne, yaani nafasi nne za katriji, tengeni mbili kwa TB na mbandike utaratibu huo ukutani, usibaki kuwa ombi la mdomo. Makohozi yanayosubiri yakae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Usikate dakika za maandalizi. Weka kimiminika cha kuchanganyia mara mbili ya ujazo wa makohozi, tikisa kwa nguvu, acha dakika 10, tikisa tena, acha 5, kisha weka mililita 2 kwenye katriji. Makohozi yasiyolainika huziba njia ndani ya katriji, mashine inasoma kosa, na katriji imeteketea. Dakika hizo pia ndizo zinazopunguza nguvu ya vimelea kabla hujaifungua sampuli, kwa hiyo unajikinga mwenyewe.

Katriji zikiisha mkarudi kwenye hadubini, kumbukeni kwamba hadubini huhitaji vimelea kama 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ili ione kitu. Hasi ya hadubini haimwondoi mgonjwa kwenye orodha, hasa mwenye VVU au mtoto. Jihadhari pia na antibayotiki za levofloksasini na moksifloksasini zinazotolewa kwa nimonia: hupoza TB kwa muda, mgonjwa akapata nafuu ya uongo.

Mwisho wa kila wiki soma rejesta: wahisiwa wa TB wangapi, waliopimwa wangapi, chanya wangapi. Wahisiwa wakipungua huku asilimia ya chanya ikipanda, mnawaona waliozidiwa tu. Wengine wamebaki nyumbani wakikohoa. Wapigie simu walioandikishwa ambao makohozi yao hayakufika maabara, kisha waulize nani mwingine anakohoa katika nyumba hiyo.