Pesa imetoka kwenye akaunti yako ya akiba na si wewe uliyeitoa: namna ya kuidai benki

Mteja akifika benki na kusema "nimeibiwa," jibu analopewa mara nyingi ni moja: nenda polisi. Akisema "muamala huu sikuuidhinisha, nionyesheni idhini mliyoitumia kukata pesa kwenye akaunti yangu," mazungumzo yanabadilika, kwa sababu sasa inayotakiwa kujieleza ni benki.

Sheria iko upande wa swali hilo. Pesa ukishaiweka benki inakuwa ya benki, nayo inabaki inadaiwa na wewe. Msingi huu umetoka kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1848, Foley dhidi ya Hill, na mahakama za Tanzania, Kenya na Uganda huufuata. Deni hilo hupungua pale tu wewe, au mtu uliyempa mamlaka, anapoagiza. Benki ikimlipa mtu aliyeghushi saini yako, imetoa pesa yake yenyewe na deni lako liko palepale. Kwa hiyo usikubali kugeuzwa mpelelezi wa kumtafuta mwizi. RB ya polisi (namba ya taarifa uliyoandikisha kituoni) ichukue, itakusaidia, lakini kesi ya jinai ni ya kumshika mhalifu. Dai lako kwa benki ni la mkataba, na halilazimiki kusubiri mtu akamatwe.

Kabla ya kulala siku hiyo

Piga simu huduma kwa wateja na uombe wafunge njia zote: kadi, simu benki, huduma ya intaneti na kutoa kwa wakala. Wengi hufunga kadi peke yake huku pesa ikiendelea kutoka kwa njia ya simu. Andika saa uliyopiga, jina la aliyekuhudumia, na udai namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Saa hiyo ina thamani kubwa: muamala wowote utakaopita baada ya taarifa yako, benki itapata shida sana kukubebesha wewe. Ukiambiwa mfumo uko chini, nenda tawini ukaombe kufungiwa kwa maandishi.

Usifute SMS hata moja. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba iliyotuma na saa. Kama laini yako ilipoteza mtandao ghafla kabla pesa haijatoka, kwa Tanzania piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kisha nenda duka la mtandao wako ukaulize kama laini ilibadilishwa, na saa ngapi. Namba ya tapeli aliyekupigia au kukuandikia itume kwenda 15040.

Halafu chukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, yenye mhuri wa tawi, uisome mstari kwa mstari. Malalamiko kadhaa huishia hapa, na ni afadhali yaishie hapa kuliko mbele ya meneja. Pesa uliyotoa ATM Jumamosi usiku inaweza kuingizwa kwenye taarifa Jumatatu. Marejesho ya mkopo huweza kukatwa mara mbili mwezi ambao rejesho la nyuma halikupita. Akaunti ya pamoja iliyofunguliwa kwa maelekezo ya "yeyote kati yetu" inamruhusu mwenzako kutoa zote bila kukuuliza. Ugomvi huo ni wenu wawili. Akaunti ya kikundi ni jambo jingine. Hapo omba kuona barua na muhtasari wa kikao uliotumika kubadilisha watia saini, kwa sababu udanganyifu mwingi wa vikundi hufanyika kwenye karatasi hiyo kabla pesa haijaguswa.

Barua

Malalamiko ya mdomo hayapo. Andika barua, peleka nakala mbili, na moja irudi kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa na tarehe. Mhudumu akisema "tuachie tu, tutaishughulikia," simama hapo hapo mpaka mhuri ugongwe. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Napinga muamala wa shilingi 800,000 uliokatwa kwenye akaunti yangu tarehe hii, saa hii, kumbukumbu namba hii. Sikuufanya na sikumwagiza mtu yeyote aufanye. Kadi yangu ilikuwa nami. Naomba mnieleze kwa maandishi muamala ulifanyika kwa njia gani, mahali gani, na mlimtambuaje aliyeufanya. Naomba pia picha za kamera za eneo hilo, kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya muamala, zihifadhiwe sasa hivi."

Ombi la kamera ndilo lisilosubiri. Mitambo ya kamera hurekodi juu ya picha za zamani, na muda wa kuzitunza unatofautiana kati ya benki na benki. Ukishaandika na barua ikapokelewa, picha zikifutika baadaye benki itabaki na swali gumu la kujibu mbele ya msuluhishi au hakimu.

Miamala iwe mitatu au kumi, itaje mmoja mmoja. "Pesa nyingi zimepotea tangu mwaka jana" ni barua isiyoweza kujibiwa.

Nini cha kudai, kulingana na njia

Ikiwa pesa ilitolewa dirishani, dai kuona fomu halisi ya kutolea pesa, si kivuli chake. Mtaalamu wa maandishi huangalia mkandamizo wa kalamu na mahali mkono uliposita, na hayo kwenye fotokopi hayaonekani. Linganisha na kadi ya saini uliyojaza ulipofungua akaunti. Angalia kitambulisho kilichoandikwa, namba ya tela (mhudumu wa dirishani), saa, na kama kiasi hicho kilihitaji afisa wa pili kuidhinisha, je, aliidhinisha? Kwa wazee wanaotumia dole gumba, angalia nani alisaini kama shahidi. Uchunguzi wa saini na alama za vidole hufanywa na maabara ya uchunguzi wa kisayansi ya Jeshi la Polisi, na hapo ndipo RB yako inapopata kazi.

Ikiwa ni ATM, kuna mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mashine kukata pesa bila kuitoa. Kila ATM ina kumbukumbu yake ya ndani inayoandika hatua kwa hatua: kadi imeingia, namba ya siri imekubaliwa, noti zimehesabiwa, noti zimetolewa mdomoni, noti zimechukuliwa, au noti zimerudishwa ndani. Dai nakala ya kumbukumbu hiyo, pamoja na hesabu ya fedha ya mashine siku ilipofunguliwa. Kama noti zako hazikutoka, kwa kawaida mashine itakutwa na ziada. Benki inayokuambia "mfumo unaonyesha muamala ulikamilika" bila kukuonyesha hesabu hiyo haijachunguza.

La pili ni mtu mwingine kutoa kwa kadi yako au mfano wake. Hapa uliza swali ambalo wateja wachache hulijua: kadi ilisomwaje? Ujumbe wa muamala huwa na tarakimu zinazoonyesha namna kadi ilivyosomwa. Kwa kawaida zikianza na 05, chipu ndiyo iliyosomwa. Zikianza na 90, ulisomwa utepe mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi. 80 ina maana chipu ilishindikana na mashine ikarudi kwenye utepe. Utepe hunakiliwa kwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye mdomo wa mashine, na namba ya siri huchukuliwa kwa kamera ndogo au vitufe bandia. Kama kadi yako ina chipu, nawe ulikuwa nayo Dodoma, na muamala umesomwa kwa utepe mjini mwingine, hoja ya "namba yako ya siri ilitumika" imepoteza nguvu. Namba ya siri inaonyesha kuwa kuna aliyeijua. Haionyeshi ni nani. Kwa kadi za Visa na Mastercard kuna utaratibu wa benki kurudisha dai kwenye benki yenye mashine, na kwa makosa mengi dirisha lake ni siku 120. Tawi likikuzungusha miezi minne, mlango huo umefungwa.

Kwa wakala: dai namba ya wakala, mahali mashine yake ilipo, na iwapo muamala ulithibitishwa kwa namba ya siri, kidole au ujumbe wa simu. Wakala anafanya kazi kwa niaba ya benki, kwa hiyo usikubali kuambiwa "malizana na wakala." Benki ilimteua, benki ijibu.

Kwa simu, panga matukio kwa saa. Laini ilibadilishwa saa 4:05, namba ya siri ikawekwa upya saa 4:20, pesa ikahamishwa saa 4:31 kwenda akaunti isiyowahi kupokea kitu kutoka kwako: mfuatano huo unajieleza. Uliza benki kama kifaa kilikuwa kipya na kwa nini mabadiliko yote hayo hayakusimamisha uhamisho.

Sasa lile gumu. Kama ulimpa mwanao kadi na namba ya siri, au ulimsomea mpigaji simu namba ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, sema ukweli kwenye barua. Dai lako litakuwa dhaifu, hilo ni kweli. Lakini benki ikigundua uongo, hata sehemu yako ya haki itakataliwa. Na kwa utapeli wa simu bado kuna la kufanya ndani ya saa chache: omba benki iwasiliane na benki au mtandao uliopokea pesa ili salio lililobaki lizuiwe.

Wakikataa

Dai majibu ya mwisho kwa maandishi, yenye sababu. Yakikuridhisha, sawa. Yasipokuridhisha, peleka kwanza makao makuu ya benki, kisha Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la malalamiko na Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Benki Kuu itauliza kama ulianza kwa benki yako, na barua yenye mhuri ndiyo jibu. Usifungue kesi mahakamani na kulalamika Benki Kuu kwa wakati mmoja.

Benki ikigoma kukupa kumbukumbu zinazokuhusu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuzipata, na Tume yake hupokea malalamiko. Kenya wana haki hiyo chini ya sheria yao ya 2019. Mahakamani, madai ya mkataba Tanzania yana ukomo wa miaka sita, lakini usiihesabu kama nafasi ya kupumzika: ushahidi hufa mapema zaidi. Na Bodi ya Bima ya Amana usiipotezee muda. Fidia yake, hadi shilingi milioni 7.5, ni kwa wateja wa benki iliyofilisika.

Benki ikikubali kulipa, soma karatasi kabla ya kusaini. Mara nyingi huandikwa kuwa ni malipo kamili na ya mwisho. Ukipewa nusu ukasaini, nusu nyingine umeiacha. Dai pia makato ya muamala na riba ambayo pesa hiyo ingezaa. Na kama pesa imerudishwa wakati dai la kadi bado liko kwa benki nyingine, uliza kwa maandishi kama ni ya kudumu au ya muda, maana ya muda huweza kukatwa tena benki ile ikishinda, na akaunti ikakutwa haina kitu.