"Hukumu na itelemke kama maji": ni adhabu au ni nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwinjilisti, naongoza ibada za nyumba kwa nyumba huku Muheza. Alhamisi tunasoma Amosi 5, na mstari wa 24 umenitatiza, pale nabii anapotaka hukumu itelemke kama maji. Wengi wa wasikilizaji wangu ni vibarua wa mkonge, na mmoja hajalipwa ujira wa mwezi uliopita. Kwao hukumu ni kifungo. Niwaambie Mungu atamwadhibu mwajiri, au wavumilie mpaka mbinguni?

JIBU: Marahaba. Yote mawili yaweke kando kwanza, ulifungue neno lenyewe.

Kiebrania hapo ni mishpat. Shina lake ndilo linalozaa shofetim, yaani "waamuzi", kina Debora na Gideoni. Hao hawakuwa watu wa kufunga wenzao jela: Waamuzi 2:16 inasema Bwana aliwainua, nao wakawaokoa watu mikononi mwa waliowateka. Basi mishpat ni kazi ya kumrudishia aliyedhulumiwa kilicho chake. Dhalimu ataumia, maana anapokonywa alichoshikilia, lakini anayeshughulikiwa hasa ni aliyeporwa. Watafsiri wa Union Version, Biblia ya Kiswahili tunayoisoma, hawakukosea kuandika "hukumu". Hata mahakamani hukumu ni uamuzi wowote, pamoja na ule unaokurudishia shamba lako. Ni sisi mitaani tuliolibana neno hadi likabakia kifungo.

Wape wasikilizaji jaribio. Kila penye "hukumu" wasome "kumpatia mtu haki yake", waone kama maana inakaa. Anza na Zaburi 82:3, "Mfanyieni hukumu maskini na yatima." Hukumu ikiwa ni adhabu, basi Mungu anaagiza yatima achapwe! Kisha Zaburi 98:8-9, ambapo mito inapiga makofi kwa kuwa Bwana anakuja kuihukumu nchi. Anayemshangilia hakimu akiingia mahakamani ni yule aliyezungushwa na kesi miaka na miaka. Jaribio hili lina mipaka, hasa Agano Jipya. Warumi 8:1 inazungumzia kuhukumiwa kweli kweli, ndiyo maana watafsiri wakaongeza, "hukumu ya adhabu".

"Maji makuu" ya mstari huohuo nayo yanaficha kitu. Kiebrania kinataja kijito kisichokauka, tofauti na korongo linalofurika masika na kubaki mchanga kiangazi. Amosi hataki haki ya msimu. Watu wa Muheza wanaoujua mto Zigi hawahitaji maelezo zaidi.

Ila usisome mstari wa 24 peke yake. Hapo ndipo wahubiri wengi wanapoharibu. Rudi mstari wa 10 hadi 12. Huko Amosi anataja makosa kwa majina: maskini anatozwa ngano, rushwa inapokelewa, mhitaji anageuzwa "langoni". Lango la mji ndilo lililokuwa baraza la wazee wanaoamua kesi, kwa hiyo kumgeuza mtu langoni ni kumfungia mahakama. Baada ya hapo soma Kumbukumbu 24:14-15: kibarua alipwe siku ileile, jua lisichwe kabla hajapewa, kwa sababu ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo. Malizia na Yakobo 5:4, ujira uliozuiwa wenyewe unapiga kelele. Vifungu hivyo vitatu vinatosha dakika 40. Ukiongeza cha nne, hutapata muda wa kuwasikiliza.

Sasa swali lako. Usiwaahidi kwamba mwajiri atapigwa wiki hii, kwani Amosi hakutoa tarehe, na ahadi yako isipotimia watasema Mungu kashindwa. Wala usiwatulize kwa mbingu. Katika Luka 18 Yesu anafundisha kusali bila kukata tamaa, na mfano anaouchagua ni mjane ambaye kila mara yuko mlangoni kwa mwamuzi. Neno "asije akanichosha" la mstari wa 5 kwa Kigiriki ni la mabondia, kumpiga mtu chini ya jicho. (Union Version inamwita mwamuzi huyo "kadhi". Kwa ukanda wetu sema "hakimu", majirani Waislamu wasidhani kadhi wao ndiye anayesemwa.)

Kwa hiyo ibada ikiisha, kaa na ndugu huyo asiyelipwa. Dai la mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1 ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Kama ameachishwa kazi, ni siku 30. Nakala ya fomu apewe mwajiri, na uthibitisho wa kuipokea uhifadhiwe. Wengi hukwama hapo, au hukaa wakingoja ahadi za mdomo hadi siku zinaisha, kisha inabidi waombe kuongezewa muda na kueleza walichelewa kwa nini. Mwambie aandike leo tarehe alizofanya kazi, kiasi alichokata kila siku na majina ya wenzake waliomwona.

Fomu mkimaliza kuijaza, iombeeni.